Mguu Uliovimba Unataka Nini: Mhadhara juu ya Mtetemo, Limfu na Mzunguko wa Damu



Wazee wangu, akina mama, vijana, wauguzi na waganga mlioomba ruhusa zamuni kuja kunisikiliza, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nawashukuru kwa kuniita Bariadi. Mmenipa swali moja ambalo limekuwa likizunguka majumbani na vijiweni. Kuna mashine inayotangazwa sana kwenye simu. Unapanda juu yake, unasimama, unaiwasha, inakutetemesha kuanzia nyayo hadi utosi. Wauzaji wanasema inaondoa uvimbe miguuni, inasukuma limfu na inaamsha mzunguko wa damu. Mnauliza kama ni kweli, na kama mtu wa Simiyu mwenye mguu uliovimba ana haja ya kuinunua.

Nitautaja msimamo wangu mapema ili mnipime nao hadi mwisho. Mtetemo unaweza kuusaidia mwili kusukuma damu na limfu, kwa kiasi na kwa muda. Lakini kazi hiyo ina wenyewe: misuli ya miguu, pumzi na ngozi iliyo safi. Na kabla ya yote, mguu uliovimba unataka kujulikana umevimbishwa na nini. Anayeruka hatua hiyo anaweza kupoteza fedha, na anaweza pia kupoteza mguu au maisha.

Njia inayoanzia unyayoni

Kila mzazi aliyemo humu ameuona mtoki. Mtoto anajikwaa kwenye kisiki shambani, kidole kinachubuka, na baada ya siku mbili analalamika kinenani. Ukipapasa unakuta kivimbe kigumu kinachouma. Kidonda kiko mguuni, maumivu yako kinenani. Ipo njia inayounganisha sehemu hizo mbili, na njia hiyo ndiyo mishipa ya limfu. Mtoki ni tezi ya limfu iliyowanasa wadudu waliopanda kutoka kidondani, ikavimba kwa sababu inapambana nao.

Sasa tuifuate njia hiyo polepole. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Damu ikifika kwenye mishipa midogo kabisa, ile myembamba kuliko unywele, sehemu ya maji yake huvuja na kuingia katikati ya nyama. Uvujaji huo ni wa lazima, kwa sababu ndio unaozipelekea chembe za mwili chakula na hewa. Lakini maji yaliyovuja, pamoja na protini zilizotoka nayo, lazima yarudi. Yasiporudi, mguu unajaa. Mishipa ya limfu ndiyo inayoyakusanya, inayapitisha kwenye tezi za kinenani, kwapani, tumboni na shingoni ili yakaguliwe, kisha inayamwaga tena ndani ya damu kwenye mishipa mikubwa iliyo chini ya mitulinga. Kwa siku moja, lita kadhaa za maji hupita njia hiyo.

Wanasayansi walichelewa kuiona kwa sababu limfu haina rangi nyekundu ya kuitambulisha. Mwaka 1622 daktari wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula akaona mishipa myeupe imetanda kwenye utumbo, imejaa mafuta ya chakula. Hiyo ilikuwa miaka 6 kabla William Harvey wa Uingereza hajachapisha kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu. Katika miaka ya 1650 Olaus Rudbeck wa Uswidi na Thomas Bartholin wa Denmark wakaonyesha kwamba mishipa ya namna hiyo imeenea mwilini. Tangu hapo tumejua kwamba mwili una mfumo mwingine wa mishipa, nao ukiziba, hakuna dawa ya kuongeza mkojo itakayoufungua.

Nani anaisukuma?

Damu ina moyo. Limfu ya binadamu haina moyo wake, na bado inatakiwa kupanda kutoka kisiginoni hadi shingoni. Inapandaje?

Kwanza, mishipa yenyewe ya limfu ina misuli myembamba kwenye kuta zake, nayo hujikaza na kulegea mara kadhaa kila dakika. Ndani yake mna vali zinazoruhusu maji kwenda juu na kuyazuia kurudi chini. Pili, misuli ya mwili inapokaza huibana mishipa hiyo, na inapolegea huiacha ijae tena. Tatu, pumzi. Ukivuta hewa ndani kabisa, tumbo likatoka, mgandamizo wa kifuani unashuka na ule wa tumboni unapanda, na limfu inavutwa kuelekea juu. Fikirieni bomba la mkono kwenye kisima cha kijiji. Maji yapo chini siku zote, lakini hayaji mpaka mtu ashike mpini na kuupandisha na kuushusha. Mpini wa mguu ni kigimbi.

Kazi ya kigimbi imepimwa. Mtu mzima akisimama wima bila kujisogeza, uzito wa damu yote iliyo kati ya moyo na mguu hufanya mgandamizo ndani ya mshipa wa kifundo kufikia karibu milimita 90 za zebaki. Akianza kutembea, hatua chache tu, mgandamizo huo unashuka chini ya 30. Hakutumia kidonge wala mashine. Vigimbi vimekaza na kulegea, na damu iliyokuwa imetuama imepanda. Mgandamizo ukishuka, maji yanayovuja kwenye nyama yanapungua, na limfu inapata nafasi ya kuyawahi.

Ndiyo maana miguu inayovimba jioni ni ya watu tunaowafahamu: muuza duka anayesimama mchana kutwa, mlinzi wa lindo, kinyozi, mama anayekaa kwenye kigoda sokoni tangu alfajiri miguu ikining'inia, abiria wa basi la Dar es Salaam aliyekaa kiti kimoja tangu giza la asubuhi hadi giza la usiku. Wote hao kigimbi chao kimelala. Mtazameni sasa fundi anayeshona kwa cherehani ya miguu. Naye anakaa kutwa, lakini nyayo zake zinapanda na kushuka kwenye pedeli, na kwa kila mshono anausukuma mguu wake mwenyewe.

Mashine inafanya nini, na imethibitishwa wapi

Wazo la kuutibu mwili kwa kuutikisa si la jana. Gustav Zander, daktari wa Stockholm, alifungua chuo chake cha mazoezi ya mashine mwaka 1865, na miongoni mwa mashine zake zilikuwamo za kumtetemesha mgonjwa. Karne ya 20 wazo likarudi kupitia wanamichezo na kupitia safari za angani, kwa sababu wanaanga wanaokaa miezi mingi pasipo uzito hupoteza mifupa na misuli, na watafiti walitafuta namna ya kuilinda.

Hapo kuna fundisho ambalo watu wa mkoa wa wafugaji mtalielewa haraka. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kondoo waliosimamishwa juu ya bamba la mtetemo hafifu dakika 20 kila siku kwa mwaka mzima walipata mfupa wa paja ulioshikamana zaidi kwa asilimia 34, katika ile sehemu ya ndani yenye vitundu. Habari hiyo ilienea, na mashine zikauzwa kwa ahadi ya mifupa imara. Kisha watafiti wa Toronto, Kanada, wakawachukua wanawake 202 waliokoma hedhi, wakawapima kwa mwaka mmoja, na mwaka 2011 wakatoa jibu: mifupa yao haikuongezeka. Kilichoonekana kwa kondoo hakikuonekana kwa wanawake hao. Tukumbuke jambo hilo kila tunaposikia ahadi mpya.

Je, vipi kuhusu damu na limfu? Unaposimama juu ya bamba linalotetema, misuli ya mguu hunyooshwa kidogo mara nyingi kwa sekunde, na mishipa ya fahamu inaijibu kwa kuikaza bila wewe kutaka. Kwa hiyo mashine inamwamsha yuleyule kigimbi niliyemtaja. Watafiti wa Vienna, Austria, mwaka 2001 waliwasimamisha watu 20 wenye afya kwenye bamba linalotetema mara 26 kwa sekunde, kwa dakika 9 kwa jumla. Mwendo wa damu katika mshipa wa nyuma ya goti uliongezeka maradufu, kutoka wastani wa sentimita 6.5 kwa sekunde hadi 13. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapima wanawake wa umri wa makamo waliotetemeshwa nyayo, nao waliona mtiririko wa maji ya mwili miguuni ukiboreka.

Nayaheshimu matokeo hayo. Lakini tuyasome kwa makini. Watu walikuwa wachache. Wale wa Vienna walikuwa wazima, wasio na uvimbe. Kilichopimwa ni mabadiliko ya muda mfupi, na damu kwenda mbio kwa dakika kadhaa si sawa na mguu kupungua na kubaki umepungua mwaka mzima. Kwa wagonjwa ambao njia zao za limfu zimeharibika kweli, tafiti zilizopo ni ndogo, na mara nyingi mtetemo ulitumika pamoja na tiba nyingine, kama kukanda na kubana mguu kwa bendeji. Kwa hiyo neno la haki ni hili: mashine inaweza kuwa msaidizi wa tiba. Bado haijathibitishwa kuwa ndiyo tiba.

Tiba ambayo wataalamu wa uvimbe wa limfu wameitegemea kwa miaka mingi ina sehemu nne: kutunza ngozi, kufunga bendeji au kuvaa soksi za kubana, mazoezi, na ukandaji maalumu wa polepole. Ukandaji huo uliasisiwa na mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, walipokuwa wakifanya kazi kusini mwa Ufaransa katika miaka ya 1930. Mkono unapita juu ya ngozi kwa wepesi mno, kwa sababu mishipa mingi ya limfu iko chini tu ya ngozi na ukikandamiza kwa nguvu unaifunga. Nalisema hili kwa sababu nimewaona wagonjwa waliosuguliwa mguu uliovimba kwa nguvu zote, kwa nia njema, mpaka ngozi ikachubuka. Mguu wa namna hiyo ukichubuka, umefunguliwa mlango wa maradhi mapya.

Mtetemo una kikomo

Mtetemo usio na kipimo ni hatari ya kazini. Madereva wa malori, trekta na mitambo ya barabara hutetemeshwa kwa miaka, na maumivu ya kiuno ni sehemu ya maisha ya wengi wao. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2002 kiwango cha juu cha mtetemo ambao mwili mzima wa mfanyakazi unaruhusiwa kupokea katika siku ya saa 8. Kijana wetu wa bodaboda anayebeba abiria kutoka Bariadi kwenda vijijini kwa barabara ya vumbi, mara kadhaa kwa siku, anapokea mtetemo mwingi bila mtu wa kumpimia.

Mashine ya nyumbani hutumika kwa dakika chache, na hilo linaitofautisha na usukani wa lori. Hata hivyo wapo watu ambao wasiipande kabisa bila idhini ya daktari: mama mjamzito, mwenye damu iliyoganda mguuni au anayeshukiwa kuwa nayo, mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye kifafa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyevunjika mfupa usiounga, mwenye kidonda au homa, mwenye saratani ambayo bado inatibiwa. Tangazo la simu halitawauliza maswali hayo. Ndiyo maana nayauliza mimi leo.

Uvimbe mmoja, maradhi mengi

Sasa nafika pale ninapotaka kukaa zaidi. Miguu miwili ya watu wawili wa Bariadi inaweza kufanana kwa macho, na sababu zake zikawa mbali kama Mwamapalala na Zanzibar. Naomba tuzipitie.

Miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa shimo linabaki, na mtu anakosa pumzi akilala chali au akipanda mwinuko: hapo moyo unaweza kuwa umechoka. Mtu huyu akitetemeshwa, au hata akiinuliwa miguu juu sana, maji yanarudi kwenye moyo ambao tayari umezidiwa. Uso umevimba asubuhi na mkojo una povu: tuzifikirie figo. Tumbo limejaa maji na miguu imefuata: tulifikirie ini, na huku kwetu tukitaja ini tukitaje na kichocho, kile cha tumbo kinachopatikana kwa watu wa mwambao wa Ziwa Victoria, kama ndugu zetu wa Busega. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka bila kutibiwa hulikaza ini, na damu inayopita humo inakwama. Dawa yake inapatikana na inafanya kazi ikitumiwa mapema. Mtetemo haumfikii mnyoo.

Mtoto mdogo amevimba nyayo zote mbili, nywele zimepauka, hana furaha wala hamu ya kula: hiyo ni kwashiakoo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Damu yake imepungukiwa protini zinazoyashika maji yasivuje. Apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Mama mjamzito amevimba miguu: wajawazito wengi huvimba kidogo jioni. Lakini akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa kisichotulia, akaona maruweruwe au akasikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, huo ni mwelekeo wa kifafa cha mimba. Baba, usisubiri asubuhi. Tafuta usafiri.

Mguu mmoja tu umevimba ghafla, kigimbi kinauma na kina joto, pengine baada ya safari ndefu, kujifungua, upasuaji au kulala kitandani siku nyingi: damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Donge hilo likikatika linakwenda kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Mguu huo usikandwe wala usitetemeshwe. Nikitakiwa kuchagua sentensi moja mtakayotoka nayo leo, nachagua hiyo.

Na mguu ambao umekuwa ukivimba polepole kwa miaka, ngozi ikawa nene, na shimo halibaki tena ukibonyeza: hapo ndipo njia za limfu zenyewe zimeharibika. Katika nchi yetu sababu inayojulikana zaidi ni matende.

Somo la matende

Matende husababishwa na minyoo myembamba kama uzi inayoenezwa na mbu. Minyoo iliyokomaa hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka 6 hadi 8, inaitanua na kuziharibu vali zake. Kwa wanaume huleta pia mabusha. Matende yamewaumiza zaidi watu wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na visiwa vyetu, lakini watu husafiri na kuhama, na mgonjwa anaweza kuwa jirani yako wa hapa Bariadi.

Tanzania haikulikalia kimya jambo hili. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa dunia wa kuyatokomeza matende, na Bara ikaanza kugawa kingatiba mwaka huohuo, albendazole pamoja na ivermectin. Zanzibar ikaanza ugawaji wake mwaka 2001. Daktari Mwelecele Malecela aliuongoza mpango wa taifa wa kuyatokomeza matende, akaja kuwa mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, hadi alipofariki mwaka 2022. Mwanamke huyu Mtanzania alitumia maisha yake kuwatetea watu ambao jamii ilikuwa ikiwaficha chumbani kwa aibu. Nalitaja jina lake hapa kwa heshima.

Kingatiba inazuia maambukizi. Je, aliyekwisha kuvimba? Jibu lilitoka Recife, Brazil. Daktari Gerusa Dreyer na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wenye mashambulizi ya homa, mguu kuwa mwekundu na kuuma vikali, na wakaonyesha kwamba chanzo chake kikubwa ni bakteria wanaoingia kupitia mipasuko midogo ya ngozi, hasa katikati ya vidole. Kila shambulio huiharibu zaidi mishipa ya limfu na kuuongeza unene wa mguu. Hivyo wakawafundisha wagonjwa kuosha. Maji safi ya kawaida, sabuni ya kawaida, kila siku, hadi katikati ya vidole, kisha kukausha taratibu kwa kitambaa laini, kupaka dawa penye fangasi au mpasuko, na kuvaa viatu. Mashambulizi yakapungua. Wagonjwa wakarudi kazini.

Hapa ndipo pana kiini cha mhadhara wangu. Ugonjwa wa limfu ulioitesa dunia kwa karne nyingi umepata msaada mkubwa kutoka kwenye beseni, sabuni na kitambaa. Kama familia ina fedha ya kumsaidia mgonjwa wake, ianzie hapo: sabuni isikatike, maji yapatikane, viatu vya kumtosha mguu wake vishonwe. Wakati wa shambulio lenyewe mgonjwa apumzike, auloweshe mguu kwa maji ya baridi, aende kituoni kupata dawa ya bakteria. Asifanye mazoezi, asifungwe bendeji, asipande mashine yoyote mpaka homa na maumivu yaishe.

Aliyeondolewa tezi za kwapani

Kuna kundi jingine ambalo linaongezeka kadiri wanawake wetu wanavyopata tiba ya saratani ya matiti Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Tezi za kwapani zikiondolewa au zikichomwa kwa mionzi, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, mara nyingine miaka baadaye. Wanawake hawa waliwahi kuambiwa wasinyanyue kitu kizito tena maishani. Hebu fikirieni mwanamke wa Simiyu akiambiwa hivyo: asibebe ndoo, asishike jembe, asimnyanyue mjukuu.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 141 waliokuwa na uvimbe wa mkono baada ya saratani ya titi. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakiongeza uzito kidogokidogo, wakiwa wamevaa mkono wa nguo wa kubana na wakiangaliwa na wakufunzi. Uvimbe wao haukuzidi ule wa wenzao, na milipuko ya uvimbe ikawa michache. Mama wa namna hiyo anahitaji kurudishwa kwenye kazi polepole, kwa mpango, chini ya macho ya mtaalamu wa fiziotherapia. Kumkataza kila kitu kunamdhoofisha, na misuli iliyodhoofika haiwezi kuisukuma limfu.

Tulicho nacho tayari

Kwa mtu ambaye daktari amemwangalia na kumwambia kwamba uvimbe wake unatokana na kusimama, kukaa, uzito au limfu isiyopanda vizuri, mazoezi haya yanafanya kazi ileile ambayo mashine hutangazwa kuifanya, na yanaifanya kwa misuli yake mwenyewe.

Ukiwa umesimama dukani, shika meza, nyanyua visigino, simama kwa vidole, shusha polepole. Fanya mara 10 hadi 15, pumzika, rudia, kila baada ya saa moja. Ukiwa umekaa kwenye basi, vuta nyayo kuelekea kwako kisha zisukume mbele, na gari likisimama Shinyanga au Dodoma, shuka utembee. Jioni lala, weka blanketi lililokunjwa chini ya miguu ili ipande juu kidogo ya moyo, vuta pumzi taratibu mpaka tumbo liinuke, itoe polepole. Mwenye moyo dhaifu asiinue miguu hivyo kabla ya kumuuliza daktari wake. Soksi za kubana na bendeji nazo zifungwe kwa maelekezo, kwa kuwa mguu ambao damu haishuki vizuri, kama wa baadhi ya wenye kisukari, unaweza kuumia ukibanwa.

Na tuna mengine ambayo mikoa mingi ingeyatamani. Simiyu ni nchi ya baiskeli, na kila mzunguko wa pedeli unakikaza kigimbi na kukilegeza. Simiyu ni nchi ya ngoma. Mchezaji wa ngoma ya bugobogobo na jembe lake, wachezaji wa makundi ya Wagika na Wagalu wanaoshindana mpaka vumbi linapanda, wanachezesha kifundo, goti, nyonga na pumzi kwa muda mrefu kuliko mgonjwa yeyote wa mashine anavyoshauriwa kusimama juu yake. Mzee ambaye haruki tena anaweza kukaa kitini na kugonga mdundo kwa nyayo zote mbili. Napendekeza kwa dhati kwamba vikundi vya wazee na vya wagonjwa wa kisukari na presha viwe na saa yao ya ngoma kila wiki, na wahudumu wa afya wawe pale kupima presha na kukagua miguu.

Kwa anayetaka mashine

Simkatazi mwenye uwezo. Kwa mtu aliyepooza kidogo, mzee anayeogopa kuanguka barabarani, au mtu mnene ambaye magoti yamemkataa, mashine yenye mahali pa kushika inaweza kuwa mwanzo. Lakini afuate utaratibu. Apimwe kwanza, kwenye kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Bariadi. Aanze na mtetemo wa chini kabisa, kwa dakika chache, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo ili mtikisiko usipande kichwani. Apime mzunguko wa kifundo na wa kigimbi kwa utepe wa fundi cherehani, sehemu ileile, saa ileile ya siku, aandike. Baada ya wiki kadhaa namba zitamwambia kama anasaidiwa. Akisikia maumivu, kizunguzungu, pumzi kubana au mguu ukizidi, aache na arudi kwa daktari.

Nawaombeni mambo matatu. Familia, msimfiche mwenye mguu mkubwa. Mleteni kliniki, na mumpe maji na sabuni kila siku kama mnavyompa chakula. Watumishi wenzangu wa afya, tusimwandikie mgonjwa dawa ya kuongeza mkojo kabla hatujambonyeza mguu, hatujasikiliza moyo, hatujapima mkojo na presha. Na tuwafundishe wagonjwa kuosha kwa kuwaonyesha, tukiwa tumeinama na beseni mbele yetu. Viongozi wa halmashauri zetu, tunahitaji wataalamu wa fiziotherapia walio karibu na vijiji, kwa sababu mtaalamu mmoja aliyefundishwa vizuri atawanyanyua wagonjwa wengi kuliko mashine mia moja zisizo na mtu wa kuzielekeza.

Mwili umepewa nguvu ya kuisukuma limfu yake. Wajibu wetu ni kumjua anayeumwa, kumtibu kinachomuumiza, na kumpa nafasi ya kutembea.